Ditoksi, Chakula na Chunusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya kuhusu chunusi na ditoksi, yaani chai na juisi zinazouzwa kwa madai kwamba zinatoa sumu mwilini, ni yale yanayorudi kila wiki kwenye kaunta ya duka la dawa, mara nyingi kwa sauti ya chini, muulizaji akisubiri wateja wengine watoke kwanza. Unaweza kusoma swali moja tu ukaondoka. Penye jambo lililokwisha elezwa kwingine, utaelekezwa huko. Mwenye haraka asome "Je, ditoksi inaondoa chunusi?" na "Kwa hiyo chakula hakihusiki kabisa?", kisha aruke hadi sehemu ya tiba.

## Chunusi zenyewe

Chunusi zinatokana na nini?

Kila kitundu cha ngozi chenye kinyweleo kina tezi inayotoa mafuta. Kuanzia balehe, homoni za jamii ya androjeni, ambazo hata wanawake wanazo, huzifanya tezi hizo zitoe mafuta mengi zaidi. Wakati huohuo seli zilizokufa ndani ya kitundu hushikana badala ya kupukutika, na kitundu kinaziba. Kikiziba na kufunikwa juu unaona kipele cheupe. Kikibaki wazi unaona kidoa cheusi, na weusi ule si uchafu, kwa hiyo kusugua hakusaidii.

Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, hustawi ndani ya kitundu kilichoziba. Mwili unapambana naye, ndipo panapovimba, panapouma na panapotunga usaha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana. Kinachoonekana ni uvimbe, kisha doa jeusi linalokaa miezi.

Mambo ni manne: mafuta, kuziba, bakteria na uvimbe. Dawa ya chunusi inayofanya kazi lazima iguse angalau moja kati ya hayo. Muuzaji yeyote akikuletea chupa, muulize inagusa lipi.

Je, ni kweli chunusi ni dalili ya damu chafu?

Hapana. Mtu ambaye damu yake kweli imejaa taka kwa sababu figo zimeshindwa kazi ni mgonjwa wa kulazwa, si kijana mwenye vipele vitatu kidevuni. Figo zenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku; karibu yote hurudishwa mwilini, na taka hutoka na mkojo wa lita moja au mbili. Ini nalo huvunjavunja pombe, dawa na mabaki ya chakula usiku na mchana. Ngozi haimo katika kazi hiyo. Jasho ni maji na chumvi, na linatoka ili kuupoza mwili.

Naelewa kwa nini imani hii imedumu. Kitu kinachotoa usaha kinaonekana kama kinatoa uchafu. Lakini usaha ni mchanganyiko wa chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipambana, vipande vya seli na bakteria, na vyote hivyo vimetokea palepale kwenye kitundu. Havikusafiri kutoka tumboni.

Mbona tunakula sufuria moja na dada yangu, yeye uso laini mimi vipele?

Kurithi kuna nguvu sana hapa. Ukubwa wa tezi zako na jinsi zinavyoitikia homoni vimetoka kwa wazazi, na ndugu wawili hawarithi sawasawa. Ndiyo maana ushauri wa chakula unaomsaidia mmoja unaweza usimfanyie kitu mwingine.

## Ditoksi

Ndani ya hizo chai na juisi za ditoksi kuna nini?

Geuza pakiti usome nyuma. Kwenye chai nyingi za "kusafisha tumbo" utakuta sanamaki, mara nyingi ikiwa imefichwa nyuma ya jina la kisayansi, Senna alexandrina au Cassia angustifolia. Hiyo ni dawa ya kuharisha, ileile ambayo bibi zetu walimpa mtu aliyefunga choo. Nyingine zina chumvi ya haluli, mafuta ya nyonyo au utomvu wa shubiri, na zote kazi yake ni moja. Zile za kijani za chupani huwa tango, tangawizi, ndimu, mchicha au majani ya mnanaa, wakati mwingine na asali au juisi ya tufaha ya kuongeza utamu.

Zipo pia zisizoandikwa chochote, zilizofungwa kwenye chupa ya maji iliyotumika, muuzaji akisema ni "mizizi saba". Hizo sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba usinywe kitu usichokijua.

Je, ditoksi inaondoa chunusi?

Hapana. Hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba kuharisha, kunywa juisi kwa siku kadhaa au kusafisha utumbo kwa maji kunaondoa chunusi. Ukirudi kwenye yale mambo manne utaona sababu: kuharisha hakupunguzi mafuta usoni, hakufungui kitundu, hakuui bakteria wa ngozi na hakutulizi uvimbe. Kinachotoka ni maji, chumvi na chakula ambacho kingetoka kesho yake.

Jaribu kumuuliza muuzaji: sumu gani hiyo, inaitwaje, na inapimwa kwa kipimo gani kabla na baada? Sijakutana na aliyejibu.

Mbona rafiki yangu alikunywa na uso ukatakata?

Huenda ulitakata kweli. Ila kuna mambo kadhaa yaliyotokea pamoja na ile chupa.

La kwanza ni kwamba chunusi hupanda na kushuka zenyewe. Mtu hununua ditoksi siku uso ulipochafuka kuliko kawaida, na baada ya hapo hali ingeshuka hata angekunywa maji ya bomba. Kwa wanawake hili linaonekana wazi zaidi, maana vipele vingi hutoka siku chache kabla ya hedhi na kutulia baadaye. Ditoksi ya siku saba ikiangukia wiki nzuri inapewa sifa zote.

La pili ni masharti. Karatasi ya maelekezo husema: usinywe soda, usile chipsi, maandazi wala pombe, lala mapema. Ukiacha soda na vitafunwa vya unga mweupe, hapo umegusa jambo ambalo lina ushahidi kiasi (tazama "Kwa hiyo chakula hakihusiki kabisa?"). Masharti yamefanya kazi, chupa imechukua hela.

La tatu, wengi huanza ditoksi siku ileile walipoacha krimu iliyokuwa inawaziba ngozi, au walipoanza dawa nyingine, kisha wakasahau.

Nimeanza kunywa na chunusi zimezidi. Naambiwa "sumu zinatoka". Niendelee?

Acha. Angalia jinsi maneno hayo yalivyopangwa: ukipona, ditoksi imefanya kazi, ukizidiwa, ditoksi inafanya kazi. Hakuna hali ambayo muuzaji atakubali kwamba imeshindwa. Kuzidi huko kunaweza kuwa ni mpando wa kawaida tu, lakini kunaweza pia kuwa ni mzio au dawa ya kisasa iliyochanganywa ndani bila kutajwa. Ukiona ngozi inawasha, midomo inavimba, macho yanakuwa ya njano au mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo na uichukue chupa uende nayo.

Kuna dawa halali za kupaka, jamii ya retinoidi, ambazo kweli huweza kuzidisha vipele wiki chache za mwanzo. Hapo sababu inajulikana na ina mwisho. Wauzaji wa ditoksi wameazima hoja hiyo bila kuwa na dawa yenyewe.

Maji ya ndimu asubuhi je? Na lita tatu za maji kwa siku?

Kunywa maji kwa kiu yako. Joto la Dar au Mombasa litakukumbusha. Maji mengi kuliko unavyohitaji yataishia chooni, hayapunguzi mafuta ya uso. Glasi ya maji ya ndimu haina ubaya kwa mtu mzima mwenye afya, ingawa asidi yake ikizoeleka hula meno. Faida yake kubwa ni pale inapochukua nafasi ya soda.

Ndimu usipake usoni. Maji yake yakikutana na jua kali huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi mabaya kuliko chunusi uliyokuwa unaikimbia. Magadi soda na dawa ya meno nazo ziache bafuni na jikoni.

Mwarobaini, mlonge, shubiri?

Mimea hii ina kemikali zenye nguvu, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba kuua bakteria kwenye kisahani cha maabara si sawa na kutibu uso wa mtu aliyekunywa kikombe cha majani yaliyochemshwa. Mlonge kama mboga, kula bila wasiwasi. Ute wa katikati ya jani la shubiri ukipakwa unapoza ngozi. Ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda ndio unaoharisha. Mwarobaini wa kunywa asiuguse mjamzito wala anayetafuta mtoto, na mafuta yake yasinyweshwe mtoto mdogo kamwe, kwa sababu yameshasababisha degedege na vifo vya watoto wachanga.

Nikifunga Ramadhani au Kwaresima chunusi zitapungua?

Funga kwa ibada yako. Kwa ngozi, kitakachoamua ni unachokula jioni. Wapo wanaotoka Ramadhani na uso safi na wapo wanaotoka umechafuka, na ukikaa nao futarini utaona tofauti: huyu anakula mihogo ya nazi, kunde na samaki, yule anamaliza sahani ya kalimati na tambi za sukari kwa jagi la juisi iliyotiwa sukari, halafu analala saa nane usiku.

Ditoksi inaweza kunidhuru?

Ya juisi kwa siku mbili haitakuua ukiwa mzima. Utakuwa na njaa na kichwa kitauma. Ya kuharisha ni jambo jingine. Kuharisha mfululizo hupoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli huishiwa nguvu na mapigo ya moyo huvurugika. Mwenye kisukari anayetumia dawa anaweza kushuka sukari ghafla. Mwenye ugonjwa wa figo asijaribu kabisa.

Jambo linalosahaulika ni dawa nyingine unazomeza. Ukiharisha sana, vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifyonzwe, na mimba ikaingia. Ditoksi zenye mkaa wa dawa ni mbaya zaidi kwa hilo, kwa sababu mkaa hunasa dawa tumboni bila kuchagua, iwe ya uzazi wa mpango, ya presha au ARV.

## Chakula

Kwa hiyo chakula hakihusiki kabisa?

Kinahusika kiasi, kwa baadhi ya watu, na si kwa njia ya sumu.

Mwaka 1969 nchini Marekani watu 65 wenye chunusi walipewa vipande vya chokoleti kwa majuma kadhaa, na kwa kipindi kingine vipande vya kufanana visivyo na chokoleti. Hapakuwa na tofauti, na kwa miongo kadhaa baada ya hapo wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba chakula hakina uhusiano na chunusi. Kasoro ilikuwa wazi kwa aliyetaka kuiona: vile vipande visivyo na chokoleti vilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na vya chokoleti. Utafiti ulilinganisha sukari na sukari.

Mjadala ulifunguka tena mwaka 2002, pale watafiti walipochapisha walichokiona kisiwani Kitava, Papua New Guinea. Walikagua watu 1,200, wakiwemo vijana, wasikute hata mmoja mwenye chunusi. Chakula chao kilikuwa mizizi kama viazi vitamu na magimbi, matunda, samaki na nazi. (Ukiangalia orodha hiyo ni kama mlo wa zamani wa Pemba.) Lakini watu wa Kitava wanatofautiana na wa mijini kwa mengi, siyo chakula tu, kwa hiyo hiyo peke yake haikutosha.

Mwaka 2007 ukaja utafiti wa Melbourne, Australia. Vijana wa kiume 43 wa miaka 15 hadi 25 waligawanywa. Kundi moja lilikula vyakula visivyopandisha sukari ya damu haraka kwa wiki 12, jingine likaendelea na vyakula vya kawaida vya wanga. Vipele vilipungua kwa wastani wa 23 na ushee kundi la kwanza, na 12 kundi la pili. Miaka mitano baadaye Korea Kusini, wagonjwa 32 walifuatiliwa kwa wiki 10, na vipande vya ngozi vilivyokatwa vikaonyesha tezi za mafuta zimesinyaa kwa waliobadili chakula.

Njia yenyewe ni hii: wanga na sukari inayoingia haraka hupandisha insulini. Insulini huinua homoni nyingine iitwayo IGF-1, na zote mbili huchochea tezi za mafuta na seli zinazoziba kitundu, na kuongeza androjeni. Ona kwamba hapa tumegusa mafuta na kuziba, mawili katika yale manne.

Tafiti hizi ni ndogo, na wale vijana wa Melbourne walipungua uzito pia, jambo linaloweza kuwa limechangia. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2024, kilisema ushahidi bado hautoshi kupendekeza mlo huo kama tiba. Maoni yangu: ni jambo la kujaribu kwa sababu halina hasara, ila si mbadala wa dawa.

Kwa sahani yetu hiyo inamaanisha nini?

Chukua siku ya kawaida ya kijana wa mjini. Asubuhi chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili. Saa nne soda, ambayo chupa yake ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, sawa na vijiko vya chai vinane. Mchana wali mweupe mlima, maharage kijiko kimoja cha kuonjea. Jioni chipsi mayai na soda nyingine. Hapo insulini haikupata nafasi ya kushuka tangu alfajiri.

Huhitaji kununua shayiri za dukani wala mbegu za kigeni kubadili hilo. Anza na soda na sukari ya chai, kwa sababu ndiko kwenye mzigo mkubwa na ndiko rahisi kupima. Sembe ibadilishe kwa dona. Maharage, kunde, choroko au dengu viwe vingi na wali uwe mdogo, yaani kinyume cha sahani ya mama ntilie. Mboga za majani, dagaa, samaki na mayai vinapunguza kasi ya wanga vikiliwa pamoja nao. Tunda ulile lenyewe badala ya kulikamua. Asubuhi yai na kipande cha kiazi kitamu au muhogo vinashika tumbo kuliko maandazi.

Maziwa yanaleta chunusi?

Huenda, kwa baadhi. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti zenye watoto na vijana zaidi ya 78,000 ulikuta wanywaji wa maziwa wana chunusi zaidi kidogo kuliko wasiokunywa. Lakini hizo ni tafiti za kuuliza watu wanakula nini, hazithibitishi kwamba maziwa ndiyo chanzo. Kama unakunywa glasi kadhaa kwa siku na chunusi ni sugu, jaribu kupunguza uone. Kijiko cha maziwa kwenye chai hakina haja ya kukunyima usingizi. Mtoto anayekua usimwondolee maziwa kwa sababu ya vipele bila kumpa mbadala wenye kalsiamu na protini.

Karanga, parachichi, mayai, vyakula vya mafuta?

Karanga zinasingiziwa. Sijui nani alianza, lakini kila shule ya bweni ina simulizi ya karanga na chunusi. Hakuna ushahidi wa maana dhidi yake, wala dhidi ya parachichi na mayai. Mafuta unayokula hayapandi moja kwa moja hadi usoni. Tezi hutengeneza mafuta yake zenyewe. Chipsi ni tatizo zaidi kwa ule wanga na soda inayoteremshia. Kuhusu chokoleti, tafiti chache ndogo za baadaye zimeonyesha inaweza kuzidisha vipele kwa wenye chunusi tayari. Ukiona inakusumbua, iache.

Natumia poda ya protini ya gym. Inahusika?

Inawezekana sana. Poda nyingi zimetengenezwa kwa protini ya maji ya maziwa, na madaktari wa ngozi wameripoti vijana waliotokwa na chunusi kifuani na mgongoni baada ya kuanza kuitumia. Iache miezi miwili. Maharage, mayai na samaki hujenga misuli vilevile. Na kama kuna sindano au vidonge vya "kujaza mwili" unavyopewa huko gym, hizo ni homoni, na chunusi ndilo dogo katika madhara yake.

Vidonge vya vitamini vinasaidia?

Zinki ina ushahidi kidogo wa kupunguza chunusi zenye uvimbe, lakini hukoroga tumbo, na ukiimeza kwa wingi muda mrefu hupunguza shaba mwilini. Vitamini B12 kwa dozi kubwa inaweza kinyume chake kuleta vipele, kwa hiyo kama ulichoma sindano za "kuongeza nguvu" kabla uso haujaharibika, mwambie daktari.

Nibadili chakula kwa muda gani ndipo nijue?

Wiki 12. Kipele unachokiona leo kilianza kuziba wiki kadhaa zilizopita, kwa hiyo siku kumi hazisemi kitu. Badilisha jambo moja kwa wakati. Piga picha mara moja kwa wiki, dirisha lilelile, saa ileile, bila kichujio cha simu. Wanawake walinganishe siku zinazolingana za mzunguko. Baada ya hapo, kama hakuna tofauti, kula maziwa yako kwa amani.

## Tiba

Nikiacha ditoksi, hela hiyo ninunue nini?

Kwa chunusi za kawaida, mrija wa dawa ya kupaka iitwayo benzoili peroksaidi. Ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya 5 au 10, na haiunguzi kama hizo. Paka kiduchu eneo zima lenye vipele, si juu ya kipele tu. Itapausha taulo na foronya yako, basi tumia nyeupe. Usiku unaweza kuongeza adapalini, mojawapo ya zile retinoidi za kupaka, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima; mwanzoni usiku mmoja unapaka, unaofuata unaacha. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, si ile ya kufulia. Matokeo yanaanza kuonekana wiki ya 8 hadi ya 12, na wengi hukata tamaa wiki ya tatu.

Mafuta ya antibayotiki kama klindamaisini yasitumike peke yake, kwa sababu bakteria huzoea. Yaende pamoja na benzoili peroksaidi.

Chunusi zimeisha, madoa meusi yamebaki. Ditoksi ya "kung'arisha" itayatoa?

Haitayatoa. Doa ni melanini, yaani rangi ya ngozi, iliyomwagika pale palipovimba, na hufifia kwa miezi mradi chunusi mpya zizuiwe na jua lisilichochee. Adapalini na asidi ya azelaiki, dawa nyingine ya kupaka, huharakisha. Mafuta ya kuzuia jua yanahitajika hata kwa mtu mweusi tititi. Usitumbue.

Nimepewa krimu iliyonisafisha kwa siku tatu. Kwa nini nisiendelee nayo?

Krimu inayofanya kazi kwa siku tatu karibu kila mara ina steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, kama betamethasoni au klobetasoli. Zile za "tatu kwa moja" zinazouzwa kwa fangasi zimo kundi hilo, na mkorogo pia. Uvimbe unazimwa, uso unang'aa, unaisifia kwa majirani. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, nywele zinaota usoni, na ukiacha tu vipele vinarudi kwa kishindo. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya. Kama umeitumia kwa miezi, muone daktari akuelekeze namna ya kuiacha.

## Hali za pekee

Vipele vyangu viko kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele tu.

Angalia kopo la mafuta ya nywele kabla ya sahani. Mafuta mazito ya kupaka kichwani huteremka na joto na kuziba vitundu. Yapake mbali na ukingo wa nywele, osha kitambaa cha kulalia, subiri wiki kadhaa. Vidogovidogo vya kufanana vinavyowasha huenda ni fangasi, na vya kidevuni kwa mwanamume anayenyoa mara nyingi ni nywele zilizoingia ndani. Vyote hivyo havisikii chakula wala ditoksi.

Hedhi yangu haieleweki na ndevu zinaota.

Hiyo ni dalili ya kupimwa homoni, hasa kama uzito pia umepanda. Huenda vifuko vya mayai vina shida inayohusiana na insulini, na hapo kupunguza sukari kuna maana zaidi ya uso. Wengine chunusi zao zilianza baada ya kijiti au sindano ya uzazi wa mpango. Njia hizo huweza kuzileta, ilhali baadhi ya vidonge vyenye homoni mbili huzipunguza. Usitoe kijiti kabla hujapata njia nyingine.

Ni mjamzito au nanyonyesha.

Ditoksi yoyote, hapana. Adapalini na retinoidi nyingine, hapana ukiwa mjamzito. Asidi ya azelaiki inakubalika, na benzoili peroksaidi kwa eneo dogo, ila mwambie mkunga.

Natumia dawa za kifua kikuu na uso umejaa vipele.

Isoniazidi inaweza kusababisha hilo, kama ilivyo kwa vidonge vya prednisoloni, ambavyo ni steroidi. Endelea na dozi ya TB bila kukosa siku, na uwaambie kliniki.

Binti yangu wa miaka 14 amekataa kula wali, maziwa, nyama na mafuta kwa sababu ya chunusi.

Hili linanitia wasiwasi kuliko vipele. Mfuatilie uzito wake na hedhi, zungumza naye bila kumtania, na mtafutie dawa ya kupaka mapema ili aone kuna njia nyingine. Akiendelea kujinyima, mpeleke kwa daktari kwa ajili ya kula kwenyewe.

Wazee wanasema zitaisha nikiolewa.

Zamani watu waliolewa na kuoa umri ambao chunusi za balehe zilikuwa zinapungua zenyewe, ndoa ikapewa sifa. Wapo wake za watu wa miaka 35 wanaozinunulia dawa kila mwezi.

Lini niende kwa daktari wa ngozi?

Ukiwa na mabonge makubwa yanayouma, makovu yanayobonyea, vipele kifuani na mgongoni, au miezi mitatu ya dawa ya kupaka bila nafuu. Pia kama chunusi zinakufanya ukwepe watu. Kuna vidonge vya antibayotiki ya doksisaiklini kwa miezi michache, na kwa hali mbaya isotretinoini, dawa yenye nguvu kweli ambayo huharibu mtoto tumboni, hivyo mwanamke lazima apimwe mimba na awe na njia madhubuti ya uzazi wa mpango. Hospitali ya KCMC Moshi ina kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa zina wataalamu waliopitia hapo. Uliza dirisha la mapokezi siku ya kliniki ya ngozi. Nenda na kila krimu, chai na chupa uliyowahi kutumia, hata zile unazoona aibu kuzionyesha.